Bakteria wamekufa wote, sasa homa inatoka wapi?

SWALI: Habari mhariri, nasomea ufamasia mwaka wa kwanza. Mwalimu kasema dawa ya sindano inaweza kupita kwenye otoklevu (mtambo wa kuua vijidudu kwa mvuke moto) mpaka asibaki bakteria hata mmoja hai, na bado mgonjwa akichomwa anapata homa na kutetemeka. Kama wamekufa, homa inaletwa na nani?

JIBU: Inaletwa na maiti zao, na wala sio utani. Wale bakteria wa gramu-hasi, kundi lenye utando wa ziada kwa nje, wanaopenda sana kukaa kwenye maji, ganda lao la nje lina kitu kinaitwa endotoksini, mafuta yaliyoungana na sukari, na bakteria akifa akapasuka ndo kinamwagika kwa wingi. Otoklevu ya nyuzi 121 kwa dakika 15 inaua bakteria vizuri tu lakini endotoksini inabaki, halafu chujio la mikroni 0.22 linalowazuia bakteria, yenyewe inapenya. Vichupa vya glasi vitupu tunaviweka kwenye oveni kavu, nyuzi 250 kwa dakika 30 hivi, hapo inaungua, ila dawa yenyewe ukiioka hivyo si umeiharibu? Kwahiyo kazi kubwa iko kwenye maji, bakteria wasipate nafasi ya kuzaliana tangu mwanzo, na maji ya sindano mwisho ni uniti 0.25 za endotoksini kwa mililita.

Mwilini kuna seli za kinga, makrofeji, zenye kipokezi cha TLR4. Hicho kikishika endotoksini hakiulizi mwenye ganda yu hai au kafa, seli inamwaga interlukini, yaani kemikali za kupeleka ishara mwilini, ubongo unapandisha joto, na ikiwa nyingi presha inaporomoka mpaka mtu anaweza kufa. Ukiinywa haina shida kihivyo, maana utumbo umejaa bakteria hao hao kila siku, balaa ni ikiingia moja kwa moja kwenye damu.

Aliyefumbua fumbo hili ni Mmarekani Florence Seibert, miaka ya 1920, alipoona mvuke wa mtambo wa kukenekia maji unabeba matone yenye uchafu wa bakteria. Baadaye dawa zikawa zinapimwa kwa kumchoma sungura na kusubiri kama atapata homa (maskini sungura), kisha Marekani mwaka 1977 ikaruhusu kipimo cha damu ya bluu ya mnyama wa baharini mwenye gamba kama kwato ya farasi, damu inayoganda ikikutana na endotoksini. Siku hizi kuna protini ya maabara inayofanya kazi hiyo, na kwa maoni yangu imechelewa kukubalika.

SWALI: Matone yangu ya macho yana-expire mwakani, kwanini naambiwa niyatupe mwezi mmoja baada ya kufungua? Au biashara tu?

JIBU: Sio biashara. Hiyo tarehe ni ya chupa iliyofungwa. Ukishafungua, ncha inagusa kope, vidole, hewa, na kihifadhi (dawa ya kuzuia vijidudu) kama benzalkoniumu kloraidi kina kikomo chake, na bakteria anayeitwa Pseudomonas akiingia humo anaweza kuitoboa konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ndani ya siku chache. Wiki 4 zikiisha tupa, na vile vichupa vidogo vya kutumia mara moja visivyo na kihifadhi, usivitunze hata mpaka kesho.