Penn State na skendo ya Sandusky: kwa nini kuifungia timu peke yake kusingetosha (jibu refu)

Mkuu mleta uzi, umeuliza kwa nini Penn State, kile chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania Marekani, hawakufutiwa timu yao ya futiboli ya Kimarekani moja kwa moja baada ya ile skendo ya Sandusky, na kama ungepewa mamlaka ungeanzia wapi kuwaadhibu. Nimepitia majibu ya wadau, nusu wanasema timu ifutwe kabisa, nusu wanasema wachezaji hawana kosa waachwe wacheze. Naona wote tunaangalia uwanjani wakati uozo ulikuwa maofisini. Mimi nimeishi Pennsylvania miaka mingi na kazi yangu ya kwanza huku ilikuwa usafi wa usiku kwenye jengo la michezo la chuo kimoja, siyo Penn State na sitakitaja, kwa hiyo kuna kipande cha hii kesi nakielewa kwa jicho la mtu wa mopu na ndoo. Mnivumilie.

Kwa ambao hawajui kisa. Jerry Sandusky alikuwa kocha msaidizi wa Joe Paterno, kocha mkuu wa timu ya Penn State, miaka na miaka, na mwaka 1977 akaanzisha taasisi inaitwa The Second Mile ya kusaidia watoto wenye maisha magumu, na humo humo ndimo alikokuwa anawapatia watoto aliowaharibu kingono. Mwaka 1998 mama mmoja alishtuka mwanae karudi nyumbani nywele zimelowa, akaambiwa kaoga na kocha, akaripoti, polisi wa chuo wakachunguza, mwendesha mashtaka hakufungua kesi, ikaishia hapo. 1999 Sandusky akastaafu lakini akabaki na ofisi na funguo za jengo la timu, Lasch Building. Februari 2001 kijana wa benchi la ufundi, Mike McQueary, akamkuta bafuni na mtoto. Akaenda kumwambia Paterno, Paterno akapeleka kwa mkurugenzi wa michezo Tim Curley, ikafika kwa makamu wa rais Gary Schultz na rais wa chuo mwenyewe Graham Spanier. Barua pepe zao zilikuja kutoka hadharani baadaye, zinaonyesha mpango wa mwanzo ulikuwa kuripoti kwa watu wa ustawi wa watoto, halafu mpango ukabadilishwa, wakaona waongee na Sandusky tu wamwambie asilete watoto chuoni. Asilete chuoni! Yaani afanyie wapi? Akaja kukamatwa Novemba 2011, miaka kumi mbele, na Juni 2012 akakutwa na hatia kwenye makosa 45, akapewa miaka 30 mpaka 60.

Sasa adhabu ya chuo. Julai 2012 NCAA, lile shirika linalosimamia michezo ya vyuo Marekani, likashusha rungu: faini dola milioni 60, marufuku ya miaka minne kucheza bowl (zile mechi kubwa za baada ya msimu), skolashipu mpya zishuke kutoka 25 mpaka 15 kwa mwaka kwa miaka minne, na ushindi wote wa kuanzia 1998 mpaka 2011 ukafutwa kwenye vitabu, mechi 112. Ilionekana nzito sana. Haya angalia kilichotokea: Septemba 2013 wakaanza kurudishiwa skolashipu, Septemba 2014 marufuku ya bowl ikaondolewa, Januari 2015 ushindi wote ukarudishwa na Paterno akarudishiwa ushindi wake wa mechi 409. Mwaka 2016 timu ikachukua ubingwa wa Big Ten, ligi ya vyuo wanayochezea. Miaka minne tu na adhabu ya kimpira ilikuwa imeyeyuka yote.

Na iliyeyuka kwa sababu NCAA hawakufanya uchunguzi wao wenyewe, walibeba ripoti ya Louis Freeh, yule bosi wa zamani wa FBI aliyeajiriwa na chuo, wakamsainisha rais mpya wa chuo makubaliano ndani ya siku chache. Baadaye seneta wa jimbo akawapeleka mahakamani, na barua pepe za ndani za NCAA zikaonyesha maofisa wao wenyewe walikuwa na mashaka kama wana mamlaka hayo. Ukiadhibu kwa haraka ili uonekane umekasirika, wakili yeyote mzuri anakuja kukuvunjia ile kitu.

Wanaosema timu ingefutwa huwa wanatoa mfano wa SMU, chuo kimoja cha Texas, ambayo 1987 NCAA ilifuta msimu wao mzima kwa kosa la kuwalipa wachezaji hela chini ya meza, na 1988 chuo chenyewe kikaamua kisicheze. Hoja yao naielewa na inauma, kwamba hela za wachezaji zifunge timu halafu watoto kuharibiwa kusifunge? Lakini fuatilia SMU ilikuwaje. Timu ilikufa kweli, walikuja kuonja bowl tena 2009. Ila Bill Clements, ambaye alikuwa kwenye bodi ya chuo na akakiri kwamba yeye na wenzake waliamua malipo yaendelee kimya kimya, ndo kwanza alikuwa kachaguliwa tena gavana wa Texas na akakaa na ugavana wake mpaka 1991. Timu imezikwa, aliyeidhinisha anakula nchi. Hiyo ndo hofu yangu na adhabu za kufuta timu, zinatosheleza hasira zetu na zinawapa wakubwa pa kujifichia.

Nakuja kwenye kipande changu. Msimu wa kiangazi ukiisha mwaka 2000, yaani kabla ya McQueary, kuna mfanya usafi alimwona Sandusky na mtoto kwenye bafu za Lasch. Mzee aliyewahi kupigana vita ya Korea, na wenzake walisema alikuwa anatetemeka vibaya mno akiwasimulia. Hawakuripoti, hata mmoja. Waliogopa kufukuzwa kazi, mmoja wao aliwaambia wachunguzi wa Freeh kwamba futiboli ndo iliyokuwa inaendesha kile chuo, kumgusa mtu wa Paterno ni kujimaliza. Watu mitandaoni waliwatukana sana wale wafagizi. Mimi sikuweza. Kwenye hiyo kazi unaingia jengo likiwa tupu, unasukuma ndoo ya magurudumu, ukifika mlango wa bafu unabisha, unapaza sauti kuwa ni usafi, unaweka kile kibao cha njano cha sakafu imelowa, ndo unaingia. Ukikuta mtu ndani, wewe ndo unayeomba radhi na kurudi nyuma, hata kama yeye ndo hatakiwi kuwepo muda ule. Hakuna kocha anayejua jina lako. Kwenye stoo yetu ukutani kulikuwa na karatasi moja yenye namba za supavaiza, fundi bomba na polisi wa chuo, na tulishaambiwa chochote kipitie kwa supavaiza kwanza. Wengi wetu tulikuwa wahamiaji, mwingine karatasi zake bado hazijakaa sawa, mwingine ana watoto wanne nyumbani kwao wanasubiri ada. Sasa mtu wa namna hiyo umwambie akamshtaki shujaa wa mji mzima kwa bosi ambaye naye anaogopa?

Ndo maana kipimo changu cha adhabu yoyote ni hiki: kesho yake, mfagizi wa zamu ya usiku akiona kitu, anaweza kupiga simu nje ya chuo bila kumuomba mtu ruhusa na akabaki na kazi yake? Adhabu ambayo haibadilishi hilo kwangu ni kelele tu.

Kwa kipimo hicho kilichosaidia siyo NCAA, ni bunge la Pennsylvania. Zamani sheria ya jimbo ilikuwa inaruhusu mfanyakazi akishamwambia mkubwa wake wa kazi basi yeye kamaliza, mkubwa ndo aripoti. Umeona mlolongo ule? McQueary kwa Paterno, Paterno kwa Curley, kila mmoja kapandisha juu na roho yake imetulia. Mwaka 2014 wakapitisha sheria nyingi kwa mpigo, na mojawapo inasema anayewajibika kuripoti lazima aripoti mwenyewe moja kwa moja ChildLine, ile simu ya jimbo ya kuripoti unyanyasaji wa watoto, halafu ndo amwambie bosi. Na mtu mwingine yeyote hata kama hawajibiki kisheria anaweza kupiga, na halazimiki kutaja jina. Tulibandikiwa namba ya ChildLine pale kwenye stoo, juu ya namba ya supavaiza. Baadaye nilipohamia kazi ya kulea watoto ndo nikapitia zoezi lote, kibali cha polisi wa jimbo, kibali cha unyanyasaji wa watoto, alama za vidole za FBI, na mafunzo ya kutambua dalili. Wenzangu wengine walikuwa wanalalamika usumbufu, foleni, hela. Mimi sikuwahi kulalamika hata kidogo.

Kingine kilichouma kweli ni jela, ingawa ilichelewa na ilikuwa ndogo mno. Curley na Schultz walikiri kosa la kuhatarisha watoto 2017, wakaenda jela ya kaunti, mmoja kahukumiwa kukaa ndani miezi mitatu, mwingine miwili. Spanier alikata rufaa mpaka basi, akaja kutumikia yake 2021, miezi miwili hivi. Miaka ishirini tangu 2001. Mimi hiyo inanikasirisha kuliko kurudishwa kwa ule ushindi, maana wale waliokuwa na umri wa miaka kumi ule mwaka walishakuwa na watoto wao.

Sasa ukisema basi NCAA wangekaza zaidi, angalia kesi zilizofuata. Chuo cha Baylor pale Texas, kocha wa futiboli Art Briles alifukuzwa 2016 kwa skendo ya wasichana kubakwa na malalamiko kutofanyiwa kazi, NCAA wakachunguza miaka, 2021 wakasema kanuni zao za michezo haziwaruhusu kuadhibu kushindwa kule, na faini iliyotoka kwa makosa mengine ni dola 5,000. Elfu tano! Chuo cha Michigan State na yule daktari wao Larry Nassar aliyewadhalilisha kingono wanamichezo, chuo kililipa waathirika dola milioni 500 lakini NCAA walisema hawakuona kanuni yao iliyovunjwa. Shirika la kuhesabu skolashipu na siku za mazoezi halina zana za kesi ya mtoto.

Haya, umeuliza ningeanzia wapi. Ningeanza na majina. Kila aliyejua na akanyamaza akiwa na cheo atolewe kazini mara moja na afungiwe kufanya kazi kwenye michezo ya chuo chochote nchini, maisha, na kesi yake ya jinai isisubiri miaka mitano. Pili hela, na hapa sitaki faini ya kiwango maana ile milioni 60 NCAA wenyewe walisema ni kama mapato ya timu ya mwaka mmoja tu, wakagawiwa miaka mitano ya kulipa. Uwanja wao unaingiza watu zaidi ya 106,000 kwa mechi moja. Ningesema timu icheze, uwanja ujae, lakini kwa miaka kumi mapato ya mechi za nyumbani yaanze kulipa matibabu na ushauri nasaha wa waathirika pamoja na vituo vya watoto vya jimbo, ndo kocha alipwe kwenye kinachobaki. Hapo kila mwenye tiketi anashiriki kulipa, na bodi itajifunza hesabu haraka sana.

Skolashipu nisingezigusa. Kutoka 25 mpaka 15 maana yake kila mwaka vijana kumi hawasomi, wengi wao watoto wa familia ambazo hazina njia nyingine. Kijana aliyesajiliwa 2012 akiwa na miaka 18 alikuwa na miaka saba ile Februari ya 2001, alikuwa mtoto mdogo kama wale. Sehemu moja NCAA walifanya vizuri ni kuwaruhusu wachezaji kuhama bila kukaa benchi mwaka mzima, mchezaji Silas Redd akaenda zake USC, chuo cha California, wengine wakabaki na kocha mpya Bill O'Brien wakashinda mechi 8 kati ya 12. Hiyo ningeiacha kama ilivyo, anayetaka kuondoka aondoke na anayebaki asomeshwe mpaka mwisho.

Na anayesema ukweli alindwe kwa hela, siyo kwa maneno. McQueary alikuwa na mapungufu yake, watu wanamlaumu kwa nini hakuita polisi usiku ule ule, lakini alisimama mahakamani akatoa ushahidi, na kazi yake pale chuoni ikaisha. Alikishitaki chuo, 2016 jopo la mahakama likampa dola milioni 7.3 na jaji akaongeza karibu milioni 5. Yeye alikuwa kocha, alipata mawakili. Mfagizi hapati. Kwa hiyo kwenye adhabu ningeandika kabisa kwamba mfanyakazi yeyote aliyeripoti akiguswa kazi yake ndani ya miaka kadhaa, ni chuo ndo kithibitishe hakikumlipizia, na wakili wake alipwe na chuo.

Mdau wa juu aliyeuliza kuhusu sanamu ya Paterno, waliiondoa Julai 22, 2012, siku moja kabla ya adhabu ya NCAA, na mpaka leo kuna mashabiki wanataka irudi. Wanataja maktaba aliyoichangia, wachezaji wake waliohitimu, na ni kweli alifanya hayo. Mimi nasema isirudi. Wale watoto walitoka kwenye miji ile ile inayouzunguka uwanja, na mtu asilazimike kupita mbele ya shaba ya mzee aliyeambiwa 2001 ili tu ampeleke mwanae kuangalia mechi.