Mbona wenye mashati mekundu hawana majina?

Umeuliza mbona walinzi wa mashati mekundu kwenye Star Trek ya kwanza, tamthilia ya TV ya safari za anga za juu (1966 hadi 1969), wanakufa bila hata kutajwa jina. Kwanza ni pesa. Mwigizaji akipewa neno la kusema, hata "ndiyo, Kapteni" tu, malipo yanapanda. Basi anasimama kimya nyuma ya Kapteni Kirk, stelingi wetu, anashuka naye kwenye sayari, kazi imekwisha. Pili, stelingi hafi! Sasa ubaya wa hiyo sayari utaonekanaje kama hakuna wa kufa? Na nyekundu ndiyo ilikuwa nguo ya ulinzi na uhandisi. Scotty, mhandisi mkuu wa chombo, naye aliivaa, akauawa na mashine iitwayo Nomad, lakini yeye ana jina, kwa hiyo akafufuliwa ndani ya kipindi hichohicho.

Ninayempenda mimi ni Eddie Paskey. Alikuwa akisimama mahali pa William Shatner, aliyeigiza Kirk, mafundi wakipanga taa, na humohumo anapachikwa kwenye vipindi kama Luteni Leslie. Katika kipindi cha "Obsession" wingu linalofyonza damu linamuua. Vipindi vya mbele, huyo hapo tena, anakatiza zake kwenye korido kama vile alikuwa likizo. Hakuna aliyeuliza, maana hakuna aliyemkumbuka.

Mfululizo wa baadaye, wa 1987, nyekundu akavaa kapteni mpya, Picard mwenyewe, walinzi wakahamia rangi ya dhahabu.