Ukimpigia daktari wa zamu usiku, anza na unachotaka

Mwaka wangu wa kwanza leba nilimpigia daktari wa zamu saa nane usiku. "Shikamoo daktari, samahani sana kwa usumbufu, pole na kazi. Kuna mama hapa kitanda namba 4, kajifungua kama nusu saa iliyopita, hali yake siyo nzuri sana, damu inatoka nyingi kiasi." Akajibu, "Sawa, endeleeni kumwangalia." Nikakata simu nikiamini nimeshamwita. Alipokuja kufika, yule mama alikuwa ameshapoteza zaidi ya lita moja na mikono imepoa. Alipona, kwa chupa tatu za damu. Miezi mingi nilimlaumu daktari, mpaka siku niliyoyarudia maneno yangu kichwani nikaona hakuna mahali nilipomwambia aje.

Salamu moja inatosha. Kisha: "Nakuhitaji leba sasa hivi, mama anavuja damu baada ya kujifungua." Hapo ndipo zifuate namba: kajifungua saa ngapi, presha, mapigo, damu kiasi gani, umeshampa nini. Vyuoni mnafundishwa sehemu nne, yaani hali, historia, tathmini na ombi, utaratibu ulioanzia kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani. Ni mzuri. Ila ombi likikaa mwisho, kwa mitandao yetu hii, simu hukatika kabla hujalifikia.

"Damu nyingi" siyo kipimo. Baada ya kuzaa kwa kawaida, mililita 500 ndiyo mpaka wa hatari, na macho yetu hukadiria pungufu karibu kila mara, hasa damu ikinywewa na khanga. Pima khanga na pedi kwenye mzani, toa uzito wake zikiwa kavu: gramu 1 ni kama mililita 1. Mzani ukiwa mbali, taja khanga ngapi zimelowa chepechepe. Daktari ataelewa upesi. Vivyo hivyo usiseme "presha iko juu". Sema 170 kwa 115, na kwamba mama anaumwa kichwa na anaona maruweruwe.

Simu isisimamishe mikono. Wewe ukiongea, mwenzako awe anakanda mfuko wa uzazi, oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi) yuniti 10 imeingia, dripu inakwenda. Mama akianza degedege la kifafa cha mimba, magnesiamu, dawa ya kutuliza degedege hilo, haingoji daktari avae viatu. Mwongozo unakuruhusu kuanza dozi ya kwanza.

Akikupa maagizo kwa simu, yarudie kwa sauti kabla hajakata: dawa gani, gramu au miligramu, mshipani au kwenye msuli. Andika papo hapo pamoja na saa, naye akifika asaini. Kuhusu saa, jamani: mdomoni tunasema saa nane, kwenye faili tunaandika 02:10. Nimeona ripoti ya asubuhi ikipoteza masaa sita kwa sababu ya mtu mmoja aliyechanganya.

Asipokuja, piga tena. Kisha mpigie aliye juu yake, hata kama ni bingwa, hata kama ni mganga mfawidhi, na kila simu iandikwe. Wengi mnaogopa kuonekana wachongezi. Mnaoanza mna ugumu mwingine pia: sista mzee aliye zamu na wewe anaweza kukwambia "subiri kwanza." Msikilize, anajua mengi, lakini mapigo ya mtoto aliye tumboni yakishuka chini ya 110 na hayapandi, mwonyeshe chati na umuulize mnasubiri nini.

Kuna madaktari wa intani, wale walio kwenye mafunzo ya vitendo, wanaokuamkia shikamoo mlangoni, na dakika mbili baadaye wanakufokea mbele ya mgonjwa. Usijibizane pale kitandani. Subiri kukuche, mvute pembeni, mwambie ulichohitaji usiku ule na ulichopata. Wa kwangu alininunia wiki nzima. Zamu iliyofuata nilipompigia, kabla sijamaliza salamu akauliza, "Mama, nije au nisikilize kwanza?"