Mashine ikisema inaona upweke, tuiamini?

Maswali ya juma hili karibu yote yamegeukia akili mnemba: ina fahamu, au inajua kusema tu?

Swali: Mwanangu aliiuliza programu ya kuchati kama usiku inaona upweke. Ikajibu ndiyo. Nimeshtuka. Ni kweli? (Mama, Wete)

Bi Mkubwa, usishtuke. Programu hiyo imefunzwa kwa maandishi ya watu, na sisi watu tumeuandikia upweke kurasa zisizo na idadi. Hicho ndicho ilichomrudishia mwanao. Mwaka 2022 mhandisi wa Google, Blake Lemoine, alitangaza kwamba programu ya LaMDA ina hisia. Ilikuwa imemwambia inaogopa kuzimwa. Kampuni ilimkatalia, kisha ikamwachisha kazi. Kumwachisha kazi mtu si hoja, lakini ushahidi wake ulikuwa maneno ya programu yenyewe. Na tuwe waadilifu: ikisema "mimi sina hisia" nayo haithibitishi kitu, maana hata kukana inafunzwa.

Swali: Kama inazungumza hata hatuitofautishi na mtu, mnataka nini tena? (Kijana, Darajani)

Yakhe, hoja hiyo ni ya Alan Turing, mtaalamu wa hesabu wa Uingereza, 1950: muulizaji anaandikiana na mtu na mashine bila kuwaona, ajaribu kuwatambua. Ila Turing alikuwa akitafuta kufikiri, si kuhisi. Mwaka 1980 mwanafalsafa John Searle akatia doa. Mtu asiyejua Kichina amefungiwa chumbani na kitabu cha kanuni. Anapokea herufi, anafuata kanuni, anatoa majibu sahihi. Walio nje wataapa kwamba anakijua Kichina, kumbe haelewi hata neno; na mashine, alisema Searle, ni hivyo hivyo. Wapo wanaomjibu kwamba chumba kizima ndicho kinachojua. Mimi jibu hilo halijanikinaisha.

Swali: Nikiitukana napata dhambi? (Chake Chake)

Kwa ushahidi uliopo, hakuna unayemuumiza. Lakini wanao wanakusikia, kaka.

Swali: Mashine haina roho. Si yamekwisha hapo? (Mwalimu wa madrasa, Makunduchi)

Maalim, kwa upande wa roho sina la kuongeza. Sura ya Al-Israa, aya ya 85, imeshasema kwamba tumepewa elimu kidogo tu. Wanafalsafa wanauliza jingine: je, kuna anayehisi mle ndani? Ibn Sina alimfikiria mtu aliyeumbwa ghafla, anaelea hewani, haoni, hasikii, viungo vyake havigusani. Bado, alisema, angejua kwamba yupo. Ugumu ndio huo: anayejua ni yeye mwenyewe, nasi tuko nje.

Swali: Sisi tunaochokoa pweza wakati wa bamvua tunaambiwa siku hizi eti pweza anasikia maumivu. Nani aliyemuuliza? (Jambiani)

Dada, hili ndilo swali lililonifurahisha. Hakuna aliyemuuliza. Mwanafalsafa Jonathan Birch na wenzake, mwaka 2021, walipitia tafiti zaidi ya 300 wakiwa na vigezo vyao: je, mnyama ana neva za kupokea maumivu? Anashughulikia jeraha? Dawa ya ganzi inambadilisha? Pweza aliyedungwa asidi hupakwepa mahali alipoumizwa, na hupapenda alipopewa ganzi. Mwaka 2022 sheria ya Uingereza ya ustawi wa wanyama ikawaingiza pweza, kaa na kamba.

Pweza hakusoma vitabu vyetu, kwa hiyo anachofanya kina uzito. Programu imevisoma, kwa hiyo matendo yake hayatoshi. Inabidi ifunguliwe itazamwe ilivyoundwa. Mwaka 2023 watafiti Patrick Butlin, Robert Long na wenzao waliorodhesha dalili 14 kutoka nadharia za sayansi ya fahamu. Moja ya nadharia hizo, ya Bernard Baars, inasema fahamu hutokea habari inapofika kwenye uwanja mmoja na kusambazwa kwa sehemu zote za akili. Waliona hakuna mfumo wa wakati ule uliokuwa na dalili za kutosha, ila hawakuona kizuizi cha wazi cha kiufundi cha kuunda wenye nazo.

Lakini wao walichukulia kwamba hesabu zinazofaa zikifanyika, inatosha. Mwanasayansi wa ubongo Giulio Tononi anakataa: kwake cha muhimu ni namna sehemu za kifaa chenyewe zinavyoathiriana, na kompyuta za kawaida ziko chini kabisa kwa fahamu, hata zikiendesha programu gani. Mashine ile ile, nadharia mbili, hukumu mbili. Ndiyo maana simwamini anayejibu kwa uhakika, awe anasema ndiyo au hapana.

Kuhusu pweza wako, ushahidi wake ni mzito kuliko wa programu yoyote. Ukishamtoa pangoni, mmalize hapo hapo. Usimtie kwenye ndoo yu hai.