Barua kwa Mwanangu: Herufi Zilezile, Mwanga Mwingine

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, sisi hatujambo. Barua yako nimeipata pamoja na video uliyoiambatanisha, na nimeitazama mara saba, mara mbili kati ya hizo nikiwa nimezima sauti, kwa sababu muziki ule una hila ya kumfanya mtu asione makosa. Umeniuliza jambo moja kubwa: umeitafuta fonti ileile iliyotumika katika utangulizi wa tamthilia ya televisheni ya Stranger Things, umeipaka rangi nyekundu uliyoichota kwenye picha yenyewe, umeizungushia mng'ao, na bado kazi yako inafanana na bango la taa za umeme. Unataka kujua umekosea wapi.

Kwenye fonti hukukosea. Ni ITC Benguiat, iliyochorwa na Ed Benguiat na kuanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na nilipoajiriwa katika chumba cha majina cha kituo cha televisheni, yaani pale maandishi ya kwenye skrini yanapotengenezwa, ilikuwa imeenea kila mahali, hasa kwenye majalada ya riwaya za kutisha. Ndugu wawili walioitunga tamthilia hiyo, Matt na Ross Duffer, waliwapelekea wasanifu majalada ya vitabu vya zamani, yakiwemo ya Stephen King, mwandishi wa riwaya za kutisha, ili waelewe ladha waliyoitaka. Ulichokifanya wewe ni kuandika maneno mawili kwa kibodi na kuyaacha yalivyotoka. Katika jina lenyewe, S ya mwanzo na R ya mwisho za neno la juu zimekuzwa hadi zikashuka chini ya nyingine, na neno la pili limekaa katikati yao kama mtoto kati ya wazazi wawili. Zigeuze herufi ziwe maumbo, uzikuze hizo mbili kwa mkono, kisha uzisogeze zote zikaribiane mpaka uone zinataka kugusana. Hiyo ni kazi ya alasiri moja, na sitaisema zaidi.

Tatizo lako ni mwanga. Utangulizi huo ulitengenezwa na studio ya Imaginary Forces, chini ya uongozi wa Michelle Dougherty, kwa ajili ya msimu wa kwanza uliotoka mwaka 2016, na mwaka uliofuata ukapata tuzo ya Emmy, ile ya televisheni ya Marekani, ya usanifu wa majina ya mwanzo. Ndugu Duffer walikuwa wamevutiwa na kazi za Richard Greenberg, yule aliyesanifu majina ya filamu ya Alien ya mwaka 1979, ambamo herufi hujitokeza kipande kwa kipande mpaka neno likamilike. Katika miaka ile majina ya namna hiyo hayakuwa rangi iliyopakwa mahali. Yalikuwa tundu. Herufi zilipigwa picha kwenye filamu ya lithi, ambayo haijui kijivu: kila sehemu yake ama ni nyeusi kabisa ama ni angavu kama kioo. Filamu hiyo iliwekwa mbele ya taa, kichujio cha rangi kikawekwa katikati, na kamera ikatazama kutoka upande wa pili. Kwa hiyo kilichoonekana kwenye skrini ni mwanga unaopenya kwenye ufa wenye umbo la herufi, na mwanga unaopenya kwenye ufa haufanani hata kidogo na wino mwekundu. Wasanifu wa Imaginary Forces walilijua hilo, ndiyo maana kabla ya kukaa kwenye kompyuta walichapisha jina kwenye filamu halisi ya aina hiyo, wakaimulika kwa nyuma, wakaangalia mwanga unavyotenda, kisha ndipo wakauiga.

Ngoja nikueleze kitu nilichokishika kwa mikono yangu. Filamu ya lithi ikitoka kwenye dawa huwa na vitobo vidogo kuliko ncha ya sindano, vinavyotokana na vumbi. Kazi yangu ya mwaka wa kwanza ilikuwa kuiweka filamu juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, kuinama na lenzi jichoni, na kuziba kila kitobo kwa brashi nyembamba yenye rangi nzito. Siku moja nilisahau kimoja, karibu na mguu wa herufi A. Jina la kipindi lilipopita hewani usiku ule, kando ya A ile palikuwa na nyota ndogo nyekundu inayowaka, na mkuu wangu akaniuliza kama nimeanza kusomea unajimu. (Sisi tulikaripiwa kwa makosa ambayo ninyi leo mnakesha kuyatengeneza kwa makusudi.) Lakini kuinama kule juu ya meza ndiko kulikonifundisha kwamba mstari wa herufi hauwaki sawasawa. Pale ulipo juu ya taa ni mkali kiasi cha kuumiza jicho, na kadiri unavyojitenga na taa unazidi kufifia, hata ncha za vikia vyake zikakaribia kupotea. Ukiisogeza taa, ukali nao unatembea ndani ya herufi kama maji kwenye mfereji.

Sasa irudie video yako uitazame R yako. Kila sehemu yake ina wekundu uleule na mng'ao wa upana uleule, kwa sababu uliichota rangi moja ukaimwaga kote. Anza upya kwa kuifanya herufi kuwa dirisha. Weka nyuma yake doa la mwanga, laini pembezoni na kali katikati, ulisogeze taratibu, na uiache herufi ionyeshe tu kile kilicho nyuma yake. Wekundu wenyewe usiwe mmoja. Mwanga ukizidi, kiini cha mstari huelekea rangi ya chungwa, na unapofifia hurudi kwenye wekundu mzito wa damu iliyokauka. Programu yako iweke ifanye hesabu za mwanga kwa biti 32 badala ya 8, yaani kwa viwango vingi zaidi vya ukali, ili sehemu kali iweze kupita kiwango cha juu cha skrini kabla hujaitia ukungu. Usipofanya hivyo, mng'ao utakuwa kama unga uliopakwa, na ndivyo ulivyo sasa. Kisha tia mng'ao wa aina mbili, mmoja mwembamba unaoshikamana na mstari na mwingine mpana sana ulio hafifu mno. Ule mpana una sababu yake: katika filamu ya rangi, tabaka linalopokea mwanga mwekundu liko chini kabisa, karibu na plastiki inayobeba filamu nzima, kwa hiyo mwanga mkali unaopenya mpaka chini na kurudishwa juu hulikuta tabaka hilo kwanza na kuacha duara la wekundu kuzunguka kila kitu king'aacho.

Jambo la pili ni mwendo. Wewe umetuonyesha neno zima tangu mwanzo, halafu ukalipunguza mpaka likatosha kwenye skrini, na mtazamaji hana tena cha kusubiri. Katika utangulizi ule kamera iko karibu mno na herufi kiasi kwamba husomi kitu: tumbo la S linapita, mguu wa N unapanda, mistari miwili inapishana gizani, na unajua tu kwamba ni vipande vya kitu kikubwa. Kinapoanza kusomeka ni mwishoni, vipande vinapoingia mahali pake. Isitoshe, kompyuta yako imezizoesha herufi kuanza polepole, kushika kasi na kusimama kwa adabu. Zinyime adabu hiyo. Kila kipande kiwe tayari kiko safarini tunapokiona, na ukate kabla hakijasimama. Tafuta daftari, utazame utangulizi ule fremu kwa fremu, yaani picha moja moja, uandike kila kipande kinaingia fremu ya ngapi na kutoka ya ngapi. Kwa fremu 24 kila sekunde utajaza kurasa kadhaa, lakini baada ya hapo hutakisia tena.

Chembechembe nazo zimekuponza. Umetandika picha moja ya chembe juu ya video nzima, basi mtu anahisi anatazama kupitia kioo kichafu, wakati chembe za filamu ni mpya katika kila fremu. Halafu umezitetemesha herufi peke yake, zikawa kama zina baridi huku kila kitu kingine kimetulia. Filamu ikipita kwenye kamera, picha yote husogea pamoja, kidogo sana, juu na kando, bila mpangilio. Kwako isizidi pikseli moja. Mwanga wote upande na kushuka kidogo vivyo hivyo. Ukifika mahali mtu akakuambia ameiona mitetemo hiyo, ipunguze kwa nusu.

Kuhusu ruhusa ya kutumia fonti na jina hilo, uliloliuliza kwa sentensi moja nami nakujibu kwa mbili. Fonti inunue kwa leseni badala ya kuipakua kwa wanaoigawa bure, kwa maana faili la fonti ni mali ya mtu. Na jina la tamthilia liweke kama zoezi lako la kujifunza tu, usiuze chochote kwa jina hilo.

Usiirudie video yote kwa sasa. Nifanyie R peke yake, sekunde nne, yaani fremu 96, bila muziki, doa la mwanga likipita nyuma yake kutoka juu ya kichwa mpaka kwenye ncha ya mguu. Nitumie hiyo kabla hujagusa herufi nyingine, na ukiona umeacha kitobo kidogo mahali, kiache hapo nikione.

Ni mimi mama yako.