Kuwapata Wabongo Guangzhou

Mdogo wangu, umeuliza Wabongo wanapatikana wapi hapo Guangzhou, China, maana tangu ufike chuo hujasikia Kiswahili, pole sana, upweke wa ugenini unauma. Panda metro laini ya 5 ushuke Xiaobei, zungukia jengo la Tianxiu jioni, utamsikia tu mtu anabishana kwa simu na mteja wake wa Kariakoo kuhusu mzigo wa kontena, we msalimie, muulize wapi wanapika ugali, mtaongea, mwisho atakuunga kwenye grupu la WeChat. Ila usimwachie mtu pasipoti kisa kakuita ndugu, na ukitoka likizo Dar mtu akikuomba umbebee kifurushi kataa kabisa, hata kama ni dada wa kwenu Moshi, China kesi ya unga, yaani dawa za kulevya, inaweza kuwa kifo.