Barua kwa mwanangu aliye zamu ya usiku

Mwanangu,

Wa aleikum salaam. Sauti uliyonitumia alfajiri niliisikiliza nikiwa jikoni, nikairudia baada ya swala. Unasema uko mwezi wa nne wa mafunzo ya vitendo katika idara ya dharura, usingizi umekukimbia, na juzi ulijifungia chooni ukalia kwa sababu ya yule mtoto aliyegongwa na pikipiki akafariki. Kisha ukaniuliza: "Mama, wakati wa korona ulikuwa kwenye ambulensi usiku na mchana na sikuwahi kukuona ukitetereka. Uliwezaje? Au mimi sina moyo wa kazi hii?" Nakujibu kwa maandishi kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Hukuniona nikitetereka kwa kuwa sikutaka unione. Mwaka 2020 ulikuwa kidato cha tatu, shule zimefungwa tangu Machi, na wewe na dada zako mko nyumbani kutwa. Nilipitia mlango wa uani, nguo naziloweka kwenye ndoo ya jiki, naoga, nakula peke yangu chumba cha nje. Nikitokeza barazani kukutania umbali wa mita mbili, nilikuwa nimeshamaliza kulia. Nilikolilia ni kwenye gari, dereva wangu akiwa anaangalia bahari kwa adabu.

Kwa hiyo hilo la moyo liweke kando kwanza. Moyo wangu ulikuwa uleule wa mwaka uliotangulia. Kilichobadilika, tena wiki kwa wiki, ni vitu vilivyonizunguka, na ukinitaka nikueleze niliwezaje, itanibidi nikueleze habari za mitungi ya oksijeni.

Likoni, pale kwenye kivuko cha feri ya kuingia Mombasa kisiwani, unaijua. Mgonjwa anatoka Msambweni, karibu kilomita hamsini hadi kivukoni, na anatakiwa kufika Hospitali Kuu ya Pwani. Mtungi wa lita 680 ukifunguliwa lita 10 kwa dakika unakwisha kwa dakika 68. Akihitaji lita 15, una dakika 45 tu. Sasa piga hesabu: barabara, kizuizi cha kafyu, feri (ambulensi hupewa nafasi ya kwanza, lakini feri iliyo ng'ambo huwezi kuivuta kwa kamba), halafu foleni ya Mombasa mjini. Miezi ile ya mwanzo sikuogopa virusi kama nilivyoogopa ule mshale wa geji, kipimo cha oksijeni iliyobaki mtungini, ukishuka. Nikilala, nauona. Dalili zote unazoniambia nilikuwa nazo: moyo kwenda mbio nikiwa nimekaa, kumkaripia mtu bila sababu, chakula kutopita kooni.

Kilichoniponya, kama ndilo neno, ni mtungi wa pili uliojaa na karatasi iliyobandikwa kwa plasta mlangoni, dereva anaandika saa tuliyofungua na saa utakapokwisha. Usiku ule wa kwanza niliporudi na mtungi mmoja mzima haujaguswa nililala hadi jua likapanda. Hakuna aliyenifundisha kupumua kwa utaratibu. Ingawa walijaribu! Tuliletewa semina ya ustahimilivu, mkufunzi mzuri tu, chai na mahamri, tukafumba macho tukavuta pumzi, na stoo wiki hiyohiyo glavu zilikuwa zimekwisha. Mahamri yalikuwa mazuri, sitaki kusema uongo.

Jambo lingine ni kuvua. Watu walidhani shida ni kuvaa yale mavazi ya kinga, na kweli Mombasa kiyoyozi kikiwa kimezimwa jasho linajaa ndani ya glavu, miwani inaingia ukungu hadi mshipa wa kuchoma dripu unautafuta kwa kidole. Lakini mhudumu huambukizwa zaidi akivua, maana amechoka na anataka kujikuna pua. Dereva alisimama pembeni na orodha akinisomea hatua moja moja kama mwalimu wa chuo anayefundisha alifu na bee: glavu, takasa mikono, gauni, takasa mikono, miwani, barakoa mwisho kabisa, takasa tena. Nilikuwa na haki ya kutofikiri kwa dakika tano. Ukiwa umechoka kiasi kile, mtu wa kufikiri kwa niaba yako dakika tano ni dawa kuliko vidonge vingi.

Haya si mawazo yangu peke yangu. Baada ya SARS, ugonjwa wa mapafu wa jamii ya korona, wa mwaka 2003 kule Toronto, Kanada, watafiti waliwarudia wahudumu wa hospitali zilizopokea wagonjwa wale, mwaka mmoja hadi miwili baadaye, wakakuta wengi bado wana uchovu wa kazi na msongo kuliko wenzao wa mji wa jirani ambao hawakuwapokea. Na walioona kuwa walifundishwa vya kutosha, walikingwa na walisimamiwa vyema waliumia kwa kiasi kidogo kuliko wengine. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka, maana tulikuwa tumeijua kwa mgongo.

Ndiyo maana nilipogoma sikuona haya. Unakumbuka Desemba 2020? Daktari Stephen Mogusu alifariki kwa korona akiwa na miaka 28, na chama cha madaktari kikasema alikuwa hajalipwa mshahara kwa miezi kadhaa wala hana bima. Alikuwa akihudumia wagonjwa hao hao wa korona. Wauguzi na maafisa wa kliniki tulishaanza kuweka chini zana, madaktari wakafuata tarehe 21. Babu yako alinipigia akasema kazi ya kuokoa roho haigomewi. Nilimheshimu, nikanyamaza, nikaendelea kugoma. Kudai bima kulinipa nguvu ambazo semina haikunipa, na hata leo sioni tofauti kati ya afya ya akili ya muuguzi na tarehe ya mshahara wake.

Lakini kuna sehemu ambayo vifaa haviifikii, na hiyo sitakuficha.

Kulikuwa na mzee kutoka upande wa Diani. Jamaa hawakuruhusiwa kupanda gari. Binti yake aliniomba nimuwekee simu sikioni ili amsomee Yasini hadi tufike. Niliishika kwa mkono mmoja, mtungi kwa mwingine. Katikati ya feri mtandao ukakatika. Mzee alinitazama akisubiri sauti irudi, na mimi nimevaa mavazi yale, hata uso wangu haonekani nimfariji kwa uso. Aliishi siku mbili. Wakamzika kwa haraka, watu wachache, kama ilivyokuwa desturi ya miezi ile. Niliona vifo vingi vibaya kuliko hicho, na karibu vyote vimefifia. Kilichobaki ni ile nusu ya safari. Nadhani mhudumu haumizwi sana na alichokiona. Humuumiza kile alichokijua kuwa ni sawa akashindwa kukitenda, tena kwa sababu isiyo yake.

Kwa hiyo mtoto wako wa pikipiki, jiulize ni kipi hasa kinachorudi usiku. Kifo chenyewe? Au kuna kitu mlikikosa: damu, mtu wa pili, mashine ya kufyonza iliyoharibika? Kama kuna kitu, kiandike na ukipeleke kwa mkuu wa zamu, kwa maandishi, leo. Kama hakipo, basi unaomboleza, na kuomboleza kuna muda wake.

Na ongea, ila chagua wa kuongea naye. Mimi na dereva tulikaa ukingoni mwa gari tukishaliosha tukaulizana mambo mawili tu: nini kilienda sawa, nini kilipungua. Anayetaka kusema zaidi anasema. Usikubali mtu akukalishe akulazimishe kusimulia tukio zima papo hapo kwa jina la ushauri nasaha. Njia hiyo ilichunguzwa na haikuonekana kumkinga mtu na kiwewe, na wengine iliwazidishia.

Ndoto zikipita mwezi, ukianza kukikwepa chumba kile alimofia mtoto, au ukajikuta wagonjwa wanakuchukiza na hujali wakipona au wasipopona, hapo si mambo ya mama tena. Nenda kliniki ya afya ya akili kama unavyokwenda na jino. Mimi nilikwenda 2021, baada ya wimbi la tatu. Baba yako anajua, na sasa unajua na wewe.

Ratiba yako nitumie picha. Nimesikia zamu tano za usiku mfululizo na sijaamini. Ikiwa ni kweli, katibu wa tawi la chama hapo kwenu nilisoma naye, nitampigia Jumatatu. Usiniambie niache. Na mahamri nimempa kondakta wa basi la saa mbili, kayachukue kituoni kabla hajayala.

Mama yako